Mtu wa Juu

Nianze na jambo ambalo hakuna anayenibishia. Kuanzia Mlali mpaka Hombolo na kurudi mjini, hakuna mtu aliye hai anayeijua ardhi hii kwa ndani kama mimi. Shule niliacha darasa la nne. Lakini wenye digrii zao wananipigia simu wakiwa wamesimama katikati ya shamba na vipimo vyao vinawaka taa, wananiuliza, "Mzee, hapa tushushe?" Nakwenda. Naangalia mchwa wamejenga wapi. Naangalia mti gani umebaki kijani mwezi wa kumi wakati wenzake wamekuwa kuni. Naokota udongo nauweka ulimini. Kisha nawaambia, na wanashusha, na maji yanatoka. Leo nina mtambo wangu mwenyewe wa kuchimba, na lori lake na kompresa yake, na nyumba Miyuji ambayo wageni wakishuka kwenye bodaboda wanauliza kama ni gesti. Yote hayo nimeyatoa chini ya ardhi. Sikurithi hata jembe.

Ila sikuanza na mtambo. Nilianza na sururu, ndoo na mdogo wangu.

Tulichimba visima vya mikono miaka sita, mimi na yeye. Kazi ile ina watu wawili. Juu ya shimo mnalaza gogo lenye mpini wa chuma, mnalizungushia kamba. Ukizungusha mpini ndoo inapanda, ukirudisha inashuka. Mmoja anakaa chini anachimba na kujaza ndoo, mwingine anakaa juu anavuta na kumwaga. Tunawaita hivyo hivyo tu, mtu wa chini na mtu wa juu. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa juu.

Na kisima hakichimbwi wakati wowote. Kinachimbwa mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamekimbilia chini kabisa, ili ukiyakuta hapo ujue hayatakuhama tena. Wakati huo udongo wetu umekauka kama tofali la kuchoma. Unakwenda futi arobaini na ukuta umesimama wenyewe. Mafundi wengine walikuwa wanaweka mbao kuzuia ukuta. Sisi tuliwacheka. "Mbao ni za jeneza," tulikuwa tunawaambia. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa nasema. Mdogo wangu alikuwa ananyamaza.

Alifia kisimani, upande wa Hombolo, asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza. Ukuta ulimwangukia. Mwenye shamba alikuwa ameenda mnadani kuuza mbuzi, hapakuwa na mtu mwingine. Mdogo wangu aliacha mke na mtoto wa kike wa miezi mitano, aliokuwa amepanga nao chumba huko huko Hombolo.

Nilipofika Mlali na mwili, mama yetu hakulia kwanza. Aliuliza, "Imekuwaje?" Na mimi nikasema, mbele ya watu wote waliokuwa wamejaa uani: alikuwa mkaidi. Hakunisubiri. Nilipofika nilikuta amefunga kamba kwenye mti, ameshuka peke yake.

Haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyemshusha.

Uongo ule ulitoka mdomoni kabla sijaupanga, na ulivyotoka ukakaa. Wazee walitikisa vichwa. Waliokuwa pale ni wakulima na wafugaji, wangejuaje kisima kinavyochimbwa? Wakasema kijana ana haraka, kijana hasikii. Tukazika.

Baada ya miaka miwili mke wa marehemu aliolewa Manyoni, na mtoto akabaki kwetu. Mimi na mke wangu tukamlea pamoja na wa kwetu. Aliniita baba. Mimi nilimwita mama, kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Na kila alipogoma jambo, kama watoto wote wanavyogoma, nyumba nzima ilikuwa na neno moja. Akikataa mlenda: huyo, kama baba yake. Akikataa kulala: ukaidi wa baba yake huo, utampeleka pabaya. Hatukusema kwa ubaya. Tulisema kama watu wanavyosema mtoto ana pua ya shangazi yake.

Alipokuwa na miaka kama tisa alinifuata nikiwa nanoa sururu.

"Baba, baba yangu wa kunizaa alikuwa mjinga?"

"Hapana, mama. Mkaidi tu."

Akafikiri. "Basi mimi sitakuwa mkaidi."

Na kweli hakuwa. Sijawahi kuona mtoto wa kutii kama yule. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia soma, anasoma mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Watu walinisifu kwa malezi, nami nikazipokea sifa zote.

Nilimsomesha. Hilo nitalisema hata mbele ya Mungu, nilimsomesha, hakuwahi kurudishwa nyumbani kwa ada hata siku moja. Akatoka chuoni mwalimu wa sayansi, akapangiwa shule ya msingi hapa hapa mjini, darasa la tano na la sita. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu. Nikiwa na wageni nilikuwa namwita kwa nguvu toka jikoni: "Mwalimu! Njoo usalimie watu!"

Jumapili moja, mwaka jana, alikuja amechoka. Akala kidogo, akasukuma sahani.

"Baba, nimeshindwa kufundisha maji ya ardhini."

"Yamekufanya nini?"

"Nachora ubaoni tabaka tatu za udongo, wao wananakili mistari mitatu. Nawauliza, haya, maji yako wapi? Wananijibu: bombani, Madam."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Hakucheka. Akaniambia alikwenda kwenye semina akaonyeshwa miwani fulani, kubwa, inaziba uso kama barakoa ya fundi wa kuchomelea. Ukiivaa unakuwa ndani ya kitu. Mtoto anaingia ndani ya moyo wa binadamu, anasimama katikati ya sayari, na yuko palepale kwenye dawati lake. Uhalisia pepe, ndivyo wanavyoiita.

"Masomo yaliyomo ni ya kwa wenzetu," akasema. "Mito mikubwa, theluji. Mimi nataka watoto wa hapa waingie kwenye udongo wa hapa. Mwenzangu wa hesabu anajua kupiga hizo picha, ana kamera inayoona pande zote. Tunachokosa ni mtu anayejua chini kukoje."

Sasa wewe niambie. Miaka yote nimewaonyesha watu wakubwa, na sasa binti niliyemlea mwenyewe ananiomba niwe mwalimu wake. Nilivimba kama kiriba. Miwani nilinunua mimi, sita. Kamera ya mwenzake ilikuwa nzuri, lakini niliwanunulia na taa za kushushia kisimani. Nikawapeleka Mlali kwenye kisima changu cha kwanza, ambacho siku hizi hakitumiki ila kimesimama imara, maana baadaye nilikivalisha pete ya zege mdomoni. Nikatengeneza gogo jipya. Tukaifunga kamera kwenye kamba, nami nikaishusha polepole, hatua kwa hatua, huku mwalimu wa hesabu akipiga kelele, "Mzee, usiitikise! Mzee, watoto watatapika!"

Ilibaki sauti. Binti yangu alikuja nyumbani na kinasa chake, akafunga madirisha ya sebuleni, akaniweka kwenye kochi. Nilizungumza saa nzima, na nilizungumza vizuri. Nilieleza udongo mwekundu wa juu na mizizi yake. Nilieleza tabaka jeupe gumu kama chokaa, linalovunja sururu. Chini yake kichanga, na hicho ndicho cha kuogopwa, kwa sababu kikinywa maji kinakuwa uji huku kimebeba uzito wote wa juu. Chini yake mwamba uliooza, ambamo maji yetu yanaishi, na chini kabisa jiwe lenyewe. Nikasema ukuta unaotaka kuanguka unatoa jasho kwanza. Nikasema jasho lile mtu yeyote mwenye macho analiona.

Kisha akaniuliza kuhusu kazi yenyewe, watu wawili na gogo lao. Nikakunja nne.

"Hakuna mtu anayeshuka kisima cha mikono peke yake," nikasema. "Hata akifunga kamba kwenye mti akateremka, huko chini atafanya nini? Ndoo atavutiwa na nani? Ni mwendawazimu tu. Roho ya mtu wa chini iko mikononi mwa mtu wa juu."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu, kwenye kochi langu. Na sikusikia. Nilikuwa nasikiliza jinsi sauti yangu ilivyo nzito.

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe.

"Rudia hapo, baba. Jogoo wa jirani ameingilia."

Nikarudia. Mara ya pili nilisema vizuri zaidi.

Siku ya somo nilivaa koti. Shule ilijaa vumbi na upepo ule wa mwezi wa nane, na watoto wa darasa la tano, zaidi ya sitini, walikuwa hawashikiki. Nikawasalimia, "Mbukwenyi!" na wale wa Kigogo wakaitikia kwa kelele, wengine wakawaiga vibaya, wakachekana. Mwalimu wa hesabu alichukua kundi kubwa varandani. Alikuwa ametundika roda kwenye boriti na ndoo ya mawe, watoto wanavuta, kwanza kwa roda moja, kisha kwa mbili, wanaona uzito unavyopungua na kamba inavyokuwa ndefu. Ndani walibaki sita sita kwa zamu, na miwani yao.

Nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona watoto wakijifunza namna ile. Mmoja alinyoosha mkono aguse ukuta wa kisima akamchokoa mwenzake sikioni.

"Usinishike! Mimi niko kisimani!"

"Kisimani wapi, umekaa kwenye dawati langu!"

"Madam, nimefika kwenye jeupe! Madam, kuna mzizi umetoboa mpaka huku!"

"Huo mzizi unatafuta nini?" akauliza mwalimu.

"Maji!"

"Sasa maji yako wapi?"

"Chini, Madam! Bado! Bado tunashuka!"

Hakuna aliyesema bombani. Mvulana mmoja mnene alikaa sakafuni, akashika miguu ya kiti kwa nguvu. "Mimi nirudisheni juu. Nimesema nirudisheni." Wenzake wakamzomea. Mwalimu alipiga magoti mbele yake, akamshika mabega, akamwambia, "Niko hapa. Ukiniambia simama, tunasimama." Yule mtoto akatulia, akaendelea kushuka. Nilimwangalia binti yangu akiwa amepiga magoti pale, chaki kwenye sketi, nikajiambia: umefanya kazi nzuri, mzee. Umefanya kazi nzuri sana.

Kisha watoto wakaanza: "Mzee avae! Mzee avae!" Nikavaa. Ningekataaje?

Nilikuwa mdomoni mwa kisima changu. Ukiinamisha kichwa unaona shimo, ukigeuka unaona mti wa mkole na mbuzi wa jirani kule Mlali. Kisha nikaanza kushuka. Zile tabaka nilizozijua kwa mwanga wa kurunzi zilikuwa zinanipita usoni, wazi, na rangi zake, kama mtu anayefunuliwa nguo moja moja. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikainua uso.

Juu kulikuwa na duara la mbingu, dogo kama sahani. Na ndani ya duara lile, kichwa cha mtu. Nyuma yake jua, kwa hiyo uso ulikuwa mweusi, huoni macho, huoni mdomo, huwezi kujua kama anacheka au amenuna. Unaona kichwa tu na mkono unaozunguka. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Walinipiga picha wakati nashusha kamera.

Miaka sita nilikuwa juu ya mdogo wangu na sikuwahi kujua nilivyokuwa naonekana kutoka chini.

Halafu sauti yangu ikaanza masikioni. Roho ya mtu wa chini iko mikononi mwa mtu wa juu. Hata akifunga kamba kwenye mti akateremka, huko chini atafanya nini? Na ukutani, sehemu ya kichanga, mwalimu wa hesabu alikuwa ameweka kwa kompyuta yake matone. Madogo, yanang'aa, yanachuruzika. Yalikuwa yale yale ya Hombolo kabisa.

Niliivua miwani kwa nguvu hata ikanichuna pua. Darasa likalipuka.

"Mzee wa visima ameogopa kisima!"

"Mrudisheni juu!"

Nikacheka nao. Mtu wa aina yangu anajua kucheka. Nikajifuta uso, nikasema miwani imebana.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, mwembamba, wa kuuliza uliza, kila darasa lina mmoja.

"Madam, kuna mtu aliwahi kushuka peke yake?"

"Nimeambiwa yuko mmoja," akajibu binti yangu.

"Sasa ndoo alivutiwa na nani?"

"Hilo ndilo mimi pia sijui."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama miwani iliyokuwa mkononi mwake, anaigeuza geuza.

Watoto walipotoka nilibaki. Ningeweza kuondoka, gari lilikuwa nje. Alikuwa anafuta miwani moja moja kwa kitambaa chenye spiriti, anaipanga kwenye sanduku.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku ile, ndoo ilikuwa wapi?"

"Ndoo ipi?"

"Ulisema ulimkuta ameshashuka kwa kamba ya mtini. Ndoo ulikuta iko juu au iko chini?"

Mtu asiyejua kazi ningemjibu. Nimewajibu wengi maishani, wakiwa na tai na mafaili. Ningesema juu, ningesema chini, ningesema sikumbuki. Lakini huyu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, kwa saa nzima, na nilikuwa nimerudia.

"Ilikuwa chini," nikasema. "Alishuka akiwa amesimama ndani yake."

Akafuta miwani ya tatu. Ya nne.

"Nani alizungusha gogo?"

"Mimi."

Nilitegemea alie. Ningejua la kufanya kama angelia, nimembembeleza tangu hajaota meno. Aliweka kitambaa chini, akafunga sanduku, akabonyeza kufuli zake mbili.

"Bibi alikufa akijua nini?"

"Alikufa akijua nilichomwambia."

"Alikuwa anamwombea baba kila Jumapili. Nilikuwa napiga magoti pembeni yake. Alikuwa anamwomba Mungu amsamehe ukaidi wake." Akasimama. "Na mimi nilikuwa naitikia amina."

Akachukua sanduku akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili akatuma ujumbe kwenye simu: "Shikamoo baba mkubwa. Leo sitaweza kuja. Msalimie mama." Mke wangu aliusoma juu ya bega langu.

"Baba mkubwa?" akasema. "Tangu lini?"

"Si ndivyo nilivyo? Mdogo wangu ndiye baba yake."

"Wewe, usinizunguke. Umemfanya nini mtoto?"

Nikamwambia. Mara ya kwanza katika ndoa yetu. Alikuwa ameshika mwiko, aliendelea kuushika. Aliposema neno, alilisema polepole: "Kwa hiyo miaka yote hii umeniacha namwimbia mtoto huyu ukaidi wa baba yake. Mimi. Kwa mdomo wangu." Akaenda kulala chumba cha wageni. Huko ndiko anakolala mpaka leo, na chakula anapika, na salamu ananipa. Hana neno lingine.

Sikuzoea kuomba. Nimezoea kuombwa. Lakini baada ya wiki kadhaa nilikwenda shuleni, nikamsubiri nje ya ofisi ya walimu kama mzazi aliyeitwa kwa makosa ya mtoto. Walimu wenzake walinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee, lile somo lako linasifiwa mpaka shule nyingine, wanakuja kuliazima." Nikaitikia marahaba.

Akatoka na daftari kifuani.

"Ifute sauti yangu," nikamwambia. "Weka yako. Weka ya yule wa hesabu."

"Siifuti."

"Nakuomba."

"Ni somo zuri, baba mkubwa. Watoto wameelewa. Wiki iliyopita wamepima wenyewe jiwe linachukua muda gani kufika chini, wamepiga hesabu ya kina cha kisima. Wanajua kichanga ni nini. Kuna siku mmoja wao atamwambia mtu asishuke, na yule mtu hatashuka. Sasa nifute kwa sababu gani?"

Hilo nikaliacha.

"Basi niulize unachotaka," nikasema. "Kuhusu baba yako. Alikuwaje. Nitakuambia kila kitu, sitaficha."

Hapo ndipo macho yake yalipojaa machozi, mara ya kwanza.

"Bibi amekufa," akasema. "Mama alikaa naye mwaka mmoja tu, hakumbuki hata alikuwa anapenda kula nini. Umebaki wewe peke yako duniani unayemjua baba yangu. Na wewe siwezi kukuamini."

Kengele ikagongwa. Akasema, "Samahani, nina kipindi," akainama kidogo kama anavyoinamia wakubwa wote, akaenda darasani.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Kwa hiyo naandika. Kalamu nimeishika mwenyewe, na mwandiko wangu ni wa darasa la nne. Hawezi kuniamini nikisema, labda ataweza kusoma. Asipotaka, wanawe watasoma. Hapa chini hakuna sifa yangu hata moja.

Baba yako alimaliza darasa la saba na mimi sikumaliza, na hakuwahi kunikumbusha. Alipenda ugali wa uwele kuliko wa mahindi. Kila tulipopata udongo wa rangi mpya alikuwa anachukua donge, analifunga kwenye karatasi, anaandika juu yake jina la mahali na futi ngapi. Alikuwa nayo mengi, yamepangwa dirishani kwenye chumba chao. Baada ya msiba niliyamwaga uani. Nilisema ni uchafu.

Mbao alizitaka tangu mwaka wa pili. "Kaka, tununue mbao kidogo, hata za kuanzia." Nami nikamwambia yale ya jeneza.

Ulipozaliwa alianza kushuka akiwa amefunga kamba nyingine kiunoni, ya akiba. Nilimcheka kwa hiyo pia. Nikamwambia inatuchelewesha. Akaacha.

Asubuhi ile, usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, ndogo, ya kwanza. Tulikuwa tumebakiza futi mbili au tatu kufika maji. Alitangulia kisimani, ndiyo, alitangulia, na alinisubiri. Nilimkuta amelala kifudifudi ukingoni, kichwa ndani ya shimo, anaangalia.

"Kaka, ukuta unatoa jasho."

Nikaangalia. Nikaliona.

"Ni umande," nikasema.

"Si umande. Tuuache siku mbili tatu, jua liupige."

"Siku tatu mvua itashuka kubwa, maji yatapanda, tutakuwa tumechimba bure."

"Basi tukachukue mbao za yule mzee wa jirani. Leo tu."

Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yenyewe, siyapunguzi: "Kama umeanza kuogopa udongo, nenda stendi ukauze karanga na akina mama. Mimi nitatafuta mwanaume wa kushuka."

Hakukasirika. Baba yako hakuwa mtu wa kukasirika. Alivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe lisipate tope, kwa sababu wewe ulikuwa umelitapikia maziwa asubuhi ile na mama yako alikuwa ametoka kulifuta begani. Bado lilikuwa na unyevu. Akaingia kwenye ndoo, akashika kamba kwa mikono miwili.

"Haya, kaka," akasema. "Shusha taratibu."